Kiharusi siku ya tatu: mkono uliopooza utarudi? Kuna kipimo cha kutabiri bila mashine?

FizioWilayani

Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ana miaka 61, kiharusi cha mshipa kuziba, leo siku ya tatu. Mkono wa kulia umepooza: bega analisogeza pembeni kidogo akiwa amelala, vidole vinacheza lakini havinyooki vizuri. Ndugu wanauliza kama mkono utarudi. Hatuna mashine ya kusisimua ubongo kwa sumaku. Naweza kutabiri kwa kipimo gani, na nianze mazoezi gani kwa kiasi gani?

Mama_Neuro

Mkuu, kipimo kipo na hakihitaji umeme. Kinaitwa SAFE, nacho ni sehemu ya PREP2, mfumo uliotengenezwa na timu ya Cathy Stinear kule Auckland, New Zealand. Unapima nguvu za kutanua bega (kuinua mkono kwenda pembeni) na kunyoosha vidole, kila kimoja kwa skeli ile ile ya misuli ya 0 (msuli haujikazi kabisa) hadi 5 (nguvu kamili), kisha unajumlisha. Kinafanywa ndani ya saa 72 tangu kiharusi kitokee. Jumla ikifika 5 au zaidi na mgonjwa hajafikisha miaka 80, matarajio ni mazuri sana. Ikiwa chini ya 5, ndipo wenzetu wanapotumia ile mashine ya sumaku kuona kama njia ya fahamu kutoka kwenye ubongo hadi mkononi ingali hai. Mfumo mzima hupatia kwa wagonjwa watatu kati ya wanne, kwa hiyo usiutamke kama hukumu.

Sasa angalia sana namna unavyopima, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kifundo cha mkono kikilegea na kuanguka chini, vidole hufunguka vyenyewe kwa sababu kano za nyuma ya kiganja zimevutwa. Ukiona hivyo ukaandika 2, umejidanganya. Shika kifundo kikae sawa, egemeza mkono wote kwenye mto, kisha mwambie anyooshe vidole. Kwenye bega, weka mkono wako mwingine juu ya bega lake: akilipandisha kuelekea sikioni au akiinamisha kiwiliwili upande wa pili, huko si kutanua bega.

Kwa maelezo yako jumla inaweza kuwa chini ya 5. Usikate tamaa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mwenye kunyoosha vidole kidogo na kutanua bega kidogo ndani ya saa 72 ana uwezekano wa asilimia 98 wa kupata uwezo fulani wa kutumia mkono baada ya miezi 6. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo viwili alikuwa na asilimia 25, na akiwa bado hana hadi siku ya tisa, asilimia 14. Kwa hiyo rudia kupima siku ya 5 na ya 9. Lakini "uwezo fulani" pale ulimaanisha alama 10 kati ya 57 za kipimo cha mkono. Waambie ndugu kwamba dalili ni nzuri mkono kurudi kufanya kazi kiasi, na usiwaahidi kwamba utakuwa kama zamani.

Tiba_kwa_Vitendo

Naunga mkono. Nizungumzie kiasi.

Watafiti wa Marekani walikaa wakahesabu marudio katika vipindi 312 vya tiba ya kiharusi. Wastani wa mazoezi ya mkono yenye kazi halisi ulikuwa 32 tu kwa kipindi. Ni kidogo mno! Baadaye ilionekana kwamba marudio 300 ndani ya saa moja yanawezekana hata kwa wagonjwa wa muda mrefu. Rudio moja ni hili: kufikia kikombe, kukishika, kukisogeza, kukiachia. Kushindwa kukiachia ndiko humkwamisha mgonjwa kama wako, hivyo anza na vitu vikubwa vyepesi, mfano kopo tupu, kabla ya vibanio vya nguo na punje za maharage. Panga kazi tatu, kila moja marudio 100, na uibadilishe ikiwa rahisi. Mgonjwa wa siku ya tatu hafikishi 300. Gawanya vipindi vifupi na umwache apumzike.

Kuhusu kufunga mkono usiopooza ili mgonjwa autumie ule uliopooza, tiba iliyotokana na kazi za Edward Taub wa Alabama: utafiti wa EXCITE wa mwaka 2006 ulikuwa na watu 222, miezi 3 hadi 9 baada ya kiharusi, wiki mbili, glovu nene asilimia 90 ya muda wa kuwa macho. Uliwasaidia. Mgonjwa lazima kwanza aweze kuinua kifundo na vidole kwa digrii kadhaa, la sivyo unamtesa. Na usiharakishe: utafiti wa VECTORS ulianza takriban siku ya kumi kwa dozi kubwa, saa 3 za mazoezi na glovu karibu siku nzima, na kundi hilo lilibaki nyuma ya wenzao walipopimwa siku ya 90.

Mama_Neuro

Kweli kabisa, ila namba peke yake haitoshi. Mwaka 2016 timu ile ile ya Marekani iliyohesabu marudio ilijaribu dozi tofauti kwa wagonjwa waliozidi miezi sita, na marudio mengi zaidi hayakuleta nafuu kubwa zaidi. Ugumu wa kazi upande kadiri mgonjwa anavyoweza.

FizioWilayani

Asanteni sana. Kioo kinafaa? Na ile habari ya kifaa kinachopandikizwa shingoni?

Tiba_kwa_Vitendo

Kioo kinafaa, na ni cha bei ndogo. Kisimamishe katikati ya kifua, mkono uliopooza nyuma yake, naye atazame kwenye kioo taswira ya mkono usiopooza ukifanya mazoezi, dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, angalau wiki 4. Mvue pete na saa kwenye mkono usiopooza, maana akiziona kwenye taswira ubongo haukubali kwamba ule ni mkono wake mwingine.

Kifaa hicho cha shingoni husisimua neva ya vagasi, neva inayotoka kwenye ubongo na kupita shingoni, kwa nusu sekunde kila mgonjwa anapofanya rudio. Kiliidhinishwa Marekani Agosti 2021 baada ya utafiti wa watu 108 wenye kiharusi cha miezi 9 hadi miaka 10. Waliopata nafuu ya maana miezi mitatu baada ya mazoezi ya kliniki kuisha walikuwa asilimia 47, dhidi ya 24 waliofanya mazoezi hayo bila msisimko. Kinahitaji upasuaji, na bila marudio yale 300 hakifanyi lolote. Kwa mgonjwa wa siku ya tatu si swali la leo.

La leo ni bega. Ile puli ya kamba ya juu inayoning'inia vyumba vingi vya fiziotherapia, usimpe. Utafiti mdogo wa mwaka 1990 ulikuta asilimia 62 ya walioitumia walipata maumivu ya bega, dhidi ya 8 waliosogezwa mkono na mtaalamu. Na waonyeshe ndugu namna ya kumgeuza kitandani kwa kushika mgongo na nyonga, wasimvute mkono.