Likizo ya meli ya kitalii: inamfaa mtu wa Dar es Salaam, au tunaiga tu?

Mwenyeji wa Upanga

Ndugu zangu, nawasalimu. Nyumbani kwetu tumegawanyika, nami naleta shauri hili mbele yenu mtusaidie kulisuluhisha. Wazazi wetu watatimiza miaka arobaini ya ndoa, na sisi watoto tumechanga fedha za kuwapumzisha. Kundi moja linataka wapande meli ya kitalii inayotoka Durban kwenda fukwe za Msumbiji, kwa hoja kwamba Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini wala ya Msumbiji kwa matembezi mafupi, chakula kimo ndani ya nauli, na mzee hatakuwa na kazi ya kufunga na kufungua mabegi kila anapofika mahali. Kundi la pili, nikiwamo mimi, linasema kwamba hiyo ni hoteli inayoelea, kwamba bei inayotangazwa siyo utakayolipa, na kwamba kwa fedha hizo wazee wangekaa Unguja na Mafia kwa raha zao na chenji ikabaki. Kinachonikera kuliko vyote ni bakshishi. Kampuni kubwa za Marekani hukuongezea zenyewe kwenye hesabu yako, kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa kila siku, hata kama mhudumu mwenyewe humjui sura. Naomba maoni ya waliokwisha kusafiri na hata ya wasiokusudia kusafiri.

Mama wa Segerea

Mwanangu wa Upanga, mimi nilipelekwa na binti yangu kwenye bahari ya Mediterania, tukatoka Barcelona tukazunguka Italia na kurudi, na sijutii hata kidogo. Waambie wazazi wachague chumba cha katikati ya meli na cha sitaha za chini, kwa kuwa huko ndiko mtikisiko huwa mdogo. Vyumba vya juu vyenye roshani vinapendeza kwenye picha, lakini bahari ikichafuka wenye roshani ndio wanaotangulia kuomba ndimu. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya meli kuondoka. Ukingoja mpaka uanze kutapika umechelewa. Kabla ya kuingia kwenye bufe wanawe kwa maji na sabuni, kwani ile dawa ya kupaka mikononi haitoshi kuua virusi vya kuharisha vinavyozisumbua meli hizi.

Na pasi ya kunyooshea nguo waiache nyumbani. Yangu ilionekana kwenye mashine ya ukaguzi wakati wa kupanda, ikafungwa kikaratasi chenye namba ya chumba, ikapangwa juu ya meza pamoja na birika za umeme za abiria wengine, nikarudishiwa siku ya kushuka. Vitenge vyangu nilivivaa na mikunjo yake mpaka mwisho wa safari, kwa sababu huko moto unaogopwa kuliko mawimbi.

Kuhusu bakshishi nitasema ukweli. Wanaoilalamikia mara nyingi ni wale wanaoagiza kuku mzima na ndizi, wakamtuma kijana maji mara tano, kisha wakainuka bila kumwachia hata shilingi elfu moja.

Kijana wa Kurasini

Naomba kuongeza jambo ambalo naona linapitwa. Safari ya Durban ni nafuu kwetu kwa upande wa hati, lakini kwa safari nyingine nyingi kinachoamua ni pasipoti kuliko nauli. Meli zinazozunguka visiwa vya Ugiriki mara nyingi hutia nanga Kuşadası, ambayo iko Uturuki, yaani nje ya eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kujikuta ameshatoka na hana ruhusa ya kurudi, kwa hiyo inambidi aombe ile ya kuingia mara nyingi, na aulize mapema kama Uturuki nayo inamtaka viza. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari nayo inatakiwa iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Abiria akizuiwa kupanda kwa kukosa viza ya bandari moja tu, kwa kawaida nauli yake imekwenda, maana mkataba unamwachia yeye jukumu la hati zake. Kabla ya kuchanga shilingi, andikeni orodha ya bandari zote na viza za kila moja.

Mwenyeji wa Upanga

Mama, shikamoo. Nilikuja na swali la wazazi wangu, nami nimeondoka na tuhuma za kuku na ndizi. Kwa taarifa yako, kijana wa mezani mimi humpa mkononi, ananiona nami namwona, na kiasi nakipanga kwa jinsi alivyonihudumia. Ninachokataa ni kukatwa na kompyuta kwa jambo ambalo jina lake lenyewe ni hiari. Kama ni gharama ya lazima, waiandike kwenye nauli tangu mwanzo ili mtu ajue anaingia kwenye nini.

Mama wa Segerea

Marahaba, mwanangu. Hiyo hiari unayoisifu naijua vizuri, kwa sababu nimewahi kuendesha mgahawa. Nilikuwa nawaona wenye hiari zao wakisimama kwa ghafla simu inapolia, wakatoka nje kuipokea, na wasirudi tena.

Mwalimu Mstaafu, Chang'ombe

Nimesoma mabishano ya bakshishi nikashangaa kwamba hakuna aliyegusa usalama. Sisi tuliokuwapo tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua roho za watu zaidi ya 800, hatuwezi kulitazama neno "meli" kama mnavyolitazama nyinyi vijana. Wala msiniambie kwamba za Wazungu haziendi chini. Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio nchini Italia mwezi Januari 2012, wakafa watu 32, na nahodha akaondoka melini abiria wakiwa bado ndani. Mimi mke wangu nitampeleka Lushoto, mahali ambapo ardhi haitingishiki.

Mama wa Segerea

Mwalimu, kwa heshima zote, MV Bukoba usiichanganye na haya. Ile ilijaza watu kupita uwezo wake, na wengi wa waliokufa hawakuwa hata kwenye orodha ya abiria. Concordia ilikuwa na watu zaidi ya 4,000, na hao 32 Mungu awarehemu, lakini kutokana na ajali hiyo kanuni zilibadilishwa. Siku hizi mazoezi ya dharura kwa abiria wapya hufanyika kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Mimi nilioneshwa kituo changu cha kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea kabla sijaonja hata chai yao. Kwenye basi la kwenda Lushoto, Mwalimu, ni nani aliyewahi kukuonesha mlango wa dharura?

Mwalimu Mstaafu, Chang'ombe

Sikusema kwamba nitakwenda kwa basi.

Baharia wa Zamani, Kigamboni

Naingilia kwa sababu mnazungumzia bakshishi kana kwamba ni zawadi. Nimesafisha vyumba kwenye meli hizo, ya kampuni nisiyotaka kuitaja, na nawaambia kwamba fedha hiyo ni sehemu ya mshahara. Mhudumu wa chumba hufanya kazi kila siku ya juma kwa miezi sita hadi tisa ya mkataba bila siku kamili ya mapumziko. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unataka saa za mapumziko zisipungue 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku saba. Toeni hesabu wenyewe muone ni saa ngapi zinazobaki kwa mwajiri. Ile taulo iliyokunjwa umbo la tembo ambayo wageni hupenda kuipiga picha, mtu ameikunja wakati mgongo unamuuma na bado ana vyumba vingine vinamngoja.

Ndugu wa Upanga, ukienda kwenye dawati la mapokezi ukaomba bakshishi iondolewe, kampuni nyingi zitaiondoa. Tulikuwa tunawafahamu waliofanya hivyo. Tuliendelea kuwatandikia vitanda kama kawaida, lakini tulikuwa tunawafahamu.

Mwenyeji wa Upanga

Baharia, umenisaidia bila kukusudia. Kama ni mshahara, basi anayepaswa kuulipa ni tajiri mwenye meli, naye amenisukumia mimi. Meli ya Icon of the Seas iliyoanza safari zake Januari 2024 ikitokea Miami, yenye nafasi ya abiria zaidi ya 7,000, inapeperusha bendera ya Bahamas. Kampuni imejenga mji mzima majini, ikausajili mahali ambapo kodi na sheria za kazi ni nafuu kwake, halafu mimi wa Upanga ndiye niambiwe kwamba sina huruma na mfanyakazi?

Baharia wa Zamani, Kigamboni

Unalosema kuhusu bendera ni kweli, na wengi wetu tulikuwa tunalisema chini kwa chini tukiwa chumba cha kulia cha wafanyakazi. Hata hivyo, siku unayoifuta ile dola 16, tajiri haoni tofauti. Anayeiona ni kijana wa Indonesia au wa Ufilipino aliyeacha mtoto mchanga kwao.

Msomaji wa Sinza

Jamani, swali lilikuwa kama likizo hii inatufaa. Mimi nina hofu ya jambo moja tu, nalo ni saa. Meli hizi hazingoji mtu. Machi 2024 Norwegian Dawn, ambayo wiki chache kabla ilikuwa ikizunguka bahari yetu hii ya Hindi, iliwaacha abiria wanane kisiwani São Tomé, upande wa Atlantiki, kwa sababu walikwenda kutembea kwa mipango yao binafsi wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani waliwafikisha kwa boti hadi ubavuni mwa meli, na bado hawakupandishwa. Wakalazimika kuikimbiza nchi kwa nchi mpaka wakaidaka Dakar. Mwezi mmoja kabla ya hapo, meli hiyohiyo ilikataliwa kutia nanga Mauritius kwa hofu ya kipindupindu, ambacho baadaye vipimo vilionesha kwamba hakikuwapo. Sasa fikirieni watu wa mji huu, ambao kadi ya harusi ikisema saa kumi na mbili jioni ndipo wanapoingia bafuni, waambiwe mwisho wa kupanda ni saa tisa na nusu alasiri.

Binti wa Mbezi

Ndugu wa Sinza, unamjumlisha nani katika huo mji wako? Mimi huamka saa kumi usiku ili niwahi kazi Posta, na nikichelewa ni kwa sababu ya foleni ya Kimara ambayo sikuitengeneza mimi. Waliochelewa São Tomé wala hawakuwa watu wa Dar es Salaam. Ushauri wenye faida ungekuwa kuwaambia wazee wachukue matembezi yanayouzwa na meli yenyewe, hata kama ni ghali, kwa kuwa yakichelewa hayo meli huyasubiri. Vilevile waiache saa ya mkononi kwenye saa za meli, maana simu hujibadilisha yenyewe kufuata mnara wa nchi kavu na mtu akajiona bado ana muda.

Msomaji wa Sinza

Dada, nimetania tu. Lakini harusi ya Jumamosi iliyopita ilianza saa tatu usiku, na kamati nzima ilitoka huko huko kwenu.

Kijana wa Kurasini

Bado sijaona aliyejibu suala la hati. Nimesoma maoni yote, kuku wamejadiliwa, harusi zimejadiliwa, na viza hakuna aliyeigusa. Naongeza na hili: vyumba hivi hupangiwa bei kwa watu wawili, kwa hiyo mzee mmoja akinyimwa viza na mwingine akaamua kwenda peke yake, huenda akatozwa karibu nauli ya wawili.

Mama wa Segerea

Mwanangu wa Kurasini, tumekusikia, lakini wanakwenda Durban hao. Mimi nataka Mwenyeji atuambie kama wazee wenyewe wamekwisha kuulizwa.

Mwenyeji wa Upanga

Wameulizwa, Mama. Baba anataka Mafia kwa sababu anapenda kuvua samaki. Mama yetu anataka meli, na sababu yake hakuitoa mbele ya baba. Unguja wamejaa mawifi na mashemeji, na anajua kwamba akishuka tu bandarini Malindi likizo itageuka kuwa ziara ya kusalimia nyumba kwa nyumba, kila nyumba na sinia lake la pilau ambalo ni matusi kulikataa. Ndani ya meli anasema hakuna atakayemjua. Mimi bado nashikilia kwamba bakshishi ya kulazimishana ni dhuluma.

Baharia wa Zamani, Kigamboni

Basi suala limekwisha. Kampuni nyingi zinaruhusu bakshishi ilipwe mapema pamoja na nauli wakati wa kukata tiketi. Mwambie ndugu yako anayeshika mchango ailipe kimyakimya, nawe usioneshwe risiti.