Masizi puani: tupeane uzoefu, watu wa mjini na wa mialoni

Habari za jioni wana Mwanza. Juzi nimempengesha mwanangu wa miaka minne kitambaa kikatoka cheusi, na sisi hatupikii kuni, tunakaa Igoma karibu na barabara kubwa. Nikakumbuka utotoni Ukerewe tunasomea koroboi, asubuhi makamasi meusi tii, mama anasema moshi tu huo utatoka. Nilidhani nimeuacha kule kumbe ni kitu kilekile, kaboni iliyokosa hewa ya kutosha ikashindwa kuungua yote, iwe kuni mbichi iwe dizeli. Na ya kwenye kitambaa ndo nafuu maana pua imeidaka, zile punje za chini ya maikromita 2.5, na unene wa unywele mmoja ni kama 70, zinapita mpaka ndani kabisa ya mapafu. Naombeni kila mtu aseme yake.

Mbanika sangara, Igombe
Mimi mwaka wa 11 nabanika samaki. Mwaka juzi kikohozi kikanikamata miezi miwili, daktari ananiuliza mama unavuta sigara? Sijawahi hata siku moja. Siku hizi kuni nanunua mapema naanika mpaka zinalia zikigonganishwa, moshi umepungua sana ila haujaisha, na kuacha siwezi ndo ada za watoto hizo.

Fundi dizeli, Nyakato
Gari ikitoa moshi mweusi ujue mafuta mengi hewa kidogo, ea klina imeziba au nozeli zinakojoa mafuta badala ya kunyunyiza. Na wapo madereva wanataka ufungulie pampu itoe mafuta mengi gari ipande mlima na mzigo, nilikuwa nawafungulia kweli, nasimama nyuma ya ekzosi nasikilizia mlio. Nimeacha baada ya kujua kwamba tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli kundi moja na sigara. Wateja wengine wamenikimbia, sawa tu.

Mvuvi wa dagaa, Kayenze
Mie inaniuma hii. Ziwani tuliacha karabai tukahamia taa za sola kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanakula faida, lakini nyumbani wanangu wakaendelea na koroboi miaka mitatu mizima. Ukutani juu ya meza yao mpaka leo kuna doa jeusi.

Mleta mada
Pole kaka, wengi hatukujua. Koroboi ni mbaya kuliko inavyoonekana, wapimaji walikuta kwenye kila gramu 100 za mafuta ya taa gramu 7 mpaka 9 zinageuka masizi. Mimi kitanda cha mtoto nimekihamishia chumba cha nyuma, dirisha la barabarani nafunga asubuhi na jioni foleni ikianza. Dada wa Igombe, unabanikia ndani au nje? Na kuni gani hizo, nimtumie salamu mama Ukerewe, bado anapikia mafiga.