Mjadala: Koe no Katachi inafundisha kuvumiliana, au inamfundisha aliyeonewa avumilie?

MLETA MADA:
Wakuu salaam. Juzi nimerudia kuiangalia Koe no Katachi, ile katuni ya Kijapani ya mwaka 2016 ya muongozaji Naoko Yamada pale studio ya Kyoto Animation, wengi mnaijua kwa jina la A Silent Voice. Mara ya kwanza nililia kama mtoto. Safari hii nimemaliza nimekasirika, na sijui nimeikasirikia muvi au nimejikasirikia mwenyewe, ndo maana nimeileta hapa tubishane.

Kwa ambaye hajaiona, Shoko ni binti kiziwi anayehamia darasa la sita kwenye shule ya watoto wanaosikia. Anajitambulisha kwa daftari, yaani ukitaka kuongea nae andika humo. Kuna dogo anaitwa Shoya Ishida, anaanza na utani, utani unageuka uonevu, mara daftari limetupwa bwawani, mara mashine za kusikia zinang'olewa masikioni mpaka sikio linatoka damu. Ndani ya miezi mitano mashine 8 zimepotea au zimevunjwa. Mkuu wa shule anapokuja kuuliza, mwalimu wa darasa ambaye siku zote alikua anaona na kunyamaza anamtaja Ishida peke yake, alafu darasa lilelile lililokua linacheka linamgeuka na yeye. Anatengwa mpaka anafika sekondari, na huko ndo anajifunza lugha ya alama anaenda kumtafuta Shoko.

Sasa watu wanaisifia kwamba ni filamu ya kuvumiliana na watoto waoneshwe mashuleni. Mimi naona humo hakuna kuvumiliana, kuna kuvumilia, na hiyo "-ana" ya mwisho sio mchezo. Kuvumiliana lazima muwe wawili, mimi nikuchukulie na wewe unichukulie. Kuvumilia ni mzigo wa mtu mmoja na kwenye hii muvi kabebeshwa Shoko toka mwanzo. Anaumizwa yeye, anaomba radhi yeye. Kuna ile sehemu kapanda gurudumu kubwa la kuzunguka angani na Ueno, mmoja wa wale waliokua wanamsumbua darasani, Ueno anamwambia wazi kabisa kwamba hampendi, na Shoko anachojibu ni kwamba anajichukia mwenyewe. Mtoto wa watu! Mnataka darasa zima la watoto wa miaka 12 wakae waangalie hilo alafu mwalimu aseme mmeona, tusameheane?

Karibuni.

JIBU 1:
Mkuu umeangalia nusu. Muvi yenyewe inaanza na Ishida kaacha kazi ya kibarua, kauza vitu vyake, kamuwekea mama yake pesa zilizolipia zile mashine, anaelekea darajani kujiua. Huyo ni mtu aliyesamehewa kirahisi? Anatembea shuleni anaona alama ya X kwenye sura ya kila mtu, hawezi hata kumtazama mtu usoni. Wahenga walisema mtenda akitendewa huona kaonewa, lakini huyu hakuona kaonewa, aliona anastahili. Hiyo ndo tofauti na ndo inayonifanya niseme waoneshwe. Mtoto mwonevu akiangalia muvi ambayo mwonevu ni shetani tu, atasema mimi sio huyo. Akimuona Ishida atajiona.

JIBU 2:
Mimi niliyeonewa naomba niseme kidogo maana naona tunamjadili mwonevu tu, kama kawaida.

Mie ilikua sauti. Nina sauti nzito tangu utotoni na nilisoma miaka mitatu nikiigizwa kila nikinyoosha kidole, mwishoni nikaacha kunyoosha. Miaka mingi baadae yule kinara wao akanitafuta kwa meseji ndefu, anaomba msamaha, anasema imemtesa sana, usingizi hapati. Nikasoma mara nne. Sikuona hata sehemu moja aliyoniuliza mimi nililala vipi. Nikajibu "usijali" alafu siku mbili chakula hakishuki.

Kwahiyo Jibu 1 hapo juu, nakubali kwamba Ishida anateseka, ila mbona yeye ndo tunaingia kichwani mwake, tunaona hizo X zake, na Shoko tunamuona kwa nje tu? Anapanda ukingo wa kibaraza usiku wa fataki anataka kufa na hata hapo tunaona kupitia mwokoaji. Anaokolewa na aliyemng'oa mashine, aliyemwokoa ndo anaanguka yeye, anazimia hospitali, na SHOKO ndo anarudi kuanza kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Hapo nilizima nikaenda kunywa maji.

JIBU 3:
Dada pole sana. Ila naomba nitetee kitu kimoja. Ile hadithi kabla ya kuwa muvi ilikua manga, yaani kitabu cha vibonzo cha Kijapani, ya Yoshitoki Oima, na toleo la kwanza kabisa lilishinda tuzo ya wachoraji chipukizi, alafu likakaa bila kuchapishwa kwa miaka kwasababu waliogopa mada yenyewe. Kabla haijatoka, shirikisho la viziwi la Japani liliipitia na likaikubali. Sasa kama viziwi wenyewe hawakusema inawadhalilisha, sisi tunaosikia tunakasirika kwa niaba ya nani?

Na mazingira yake muyaone. Japani walipitisha sheria ya kuzuia uonevu mashuleni mwaka 2013, baada ya kijana wa miaka 13 mjini Otsu kujiua 2011 na watu kuja juu kwa jinsi watu wazima wa shule na bodi ya elimu walivyolishughulikia. Manga ikaanza kutoka mfululizo mwaka huohuo 2013. Kwahiyo yule mwalimu anayeona na kunyamaza kwenye muvi, kwa mtazamaji wa kule sio mtu wa kutungwa tu.

JIBU 2:
Kukubaliwa na shirikisho sio kwamba kila kiziwi kaipenda. Ila la mwalimu nimelipokea.

JIBU 4:
Nyote mnagombania Ishida na Shoko, mimi mtu aliyenikera ni Kawai. Yule msichana wa darasani kwao anayelia kila akiguswa, "mimi sijafanya kitu". Alikua anacheka pale nyuma! Mpaka ukubwani hajakubali, na muvi haimuadhibu popote, na ndo hivyo hivyo maishani, huyo ndo sisi wengi. Finland wana mpango wa kuzuia uonevu mashuleni unaitwa KiVa, ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Turku, na wazo lake kubwa ni kwamba usihangaike na mwonevu na mwonewa peke yao, fanya kazi na watazamaji, maana mwonevu anatafuta sifa, na sifa anazitoa nani? Anayecheka. Ondoa kicheko uone kama Ishida anang'oa mashine ya pili. Kwahiyo mimi naunga mkono ioneshwe, ila mwalimu asiulize Shoko amsamehe au asimsamehe, aulize hapa Kawai ni nani. Darasa litakaa kimya mpaka kengele.

MLETA MADA:
Jibu 4 umenipata. Nilisema sijui nimemkasirikia nani, sasa nimejua.

Tulikua na mwenzetu ana kigugumizi. Mwalimu wa lugha alikua anapenda kumsomesha kwa sauti, sijui alidhani anamsaidia. Alikua akifika kwenye neno linaloanza na "k" anakwama, mkono wa kulia unapiga paja taratibu, tap tap tap, kama anasukuma neno litoke. Mtu wa dawati la nyuma akaanza kupiga dawati kwa mdundo uleule. Mimi sikupiga. Mimi nilicheka tu, tena nimeinamisha kichwa kwenye kitabu ili nisionekane, na miaka yote nimejihesabu kwamba sikumfanyia kitu yule jamaa. Sikuwahi kumtafuta, na baada ya kusoma ya Jibu 2 nadhani nisimtafute, au sijui.

Kwahiyo narekebisha msimamo. Waoneshwe, ila wasianzie mwisho, kule kwenye tamasha la shule ambako zile X zinadondoka sura zote na Ishida anabubujikwa machozi, maana pale kila mtu anatoka kasafishwa. Wasimamishe pale mkuu wa shule anapouliza na darasa zima linaangalia chini. Watoto wakae na hiyo picha. Kuhusu Shoko bado sijatoka nilipokua, wamemuonea kwenye hadithi na wamemuonea na kwenye utunzi, Jibu 1 njoo unipinge.

JIBU 1:
Sikupingi la utunzi. Ila mwonevu asipopewa mlango wa kurudia atarudije?

MLETA MADA:
Arudi, ila mlango asishikiwe na yule aliyepigwa. Jibu 2, samahani kama nauliza sana, ulivyomjibu "usijali" ulikua unamaanisha nini?

JIBU 2:
Nilikua namaanisha asinitafute tena. Alijibu na kopa tatu.