Tunaenda Ironman Afrika Kusini na mapacha wawili na mavyaa, tulale wapi?

Mama_Mapacha_Mld

Asalaam aleikum wadau, naombeni msaada kabla sijatuma depoziti. Baba watoto amejiandikisha Ironman ya Afrika Kusini kule Gqeberha, mji ambao zamani ukiitwa Port Elizabeth, na ni ile nzima sio nusu, yaani anaogelea kilomita 3.8, anaendesha baiskeli 180, halafu ndo anaanza kukimbia marathoni 42.2. Mwaka mzima huu hapa kwetu Malindi hatuna mazungumzo mengine, asubuhi akitoka kuswali yuko njiani anaenda Gede na kurudi, jumamosi anashika barabara ya Kakoneni, baiskeli inalala sebuleni na mkeka wa mavyaa ushapata doa la mafuta ya cheni ambalo halitoki kwa sabuni yoyote. Kuogelea ni Silversands, maji mekundu ya Sabaki yakija anasubiri wiki. Amejitahidi wallahi na mimi nataka hii safari iwe nzuri kwake na kwetu sote.

Sasa tunaenda watu watano. Yeye, mimi, mapacha wa miaka minne na mavyaa ambaye ana goti linamsumbua na hali nyama asiyojua imechinjwa vipi. Nimepata sehemu mbili. Ya kwanza hoteli mtaa wa Summerstrand, karibu kabisa na Hobie Beach pale wanapoanzia na kumalizia, rumu mbili zinazokabiliana ghorofa ya nne, hakuna jiko, na chai ya asubuhi inaanza saa moja. Ya pili nyumba nzima vyumba vitatu, jiko kubwa, uwanja wa watoto, mashine ya kufua, bei inapungua karibu thuluthi, lakini iko kilomita kumi na mbili toka baharini. Nikimuuliza baba watoto anasema popote tu bora nipate kulala, na mimi naona hilo sio jibu. Nyinyi mliokwenda na familia mlifanyaje?

Mpedali_wa_Watamu

Waaleikum salaam dadangu. Hiyo mbio nimefanya mara mbili, mara ya kwanza tulikaa kwenye nyumba kama hiyo yako ya pili, mara ya pili tukakaa Summerstrand, kwa hivyo nakwambia nilichokiona.

Nyumba ya mbali ilikuwa tamu siku tatu za kwanza. Watoto wanacheza, wanapika, mimi nimenyoosha miguu. Shida ikaja jumapili ya mbio. Barabara ya ufuoni yote inafungwa, na baiskeli inapita Marine Drive ile ya upande wa chuo kikuu cha Nelson Mandela, kwa hivyo gari halifiki karibu. Mimi nilitoka saa kumi alfajiri na teksi peke yangu. Mke wangu akatoka na watoto saa kumi na mbili kasoro, wakashushwa mbali wakatembea, wakafika nishaingia majini zamani. Halafu sikiliza hapa, maana ndo penyewe. Kuogelea kunachukua saa moja au moja na nusu, baiskeli ni masaa sita, saba, wengine nane, na muda huo wote familia haina cha kuona isipokuwa mtu anapita kama upepo mara moja moja. Sasa mke wangu na watoto watafanya nini masaa saba kwenye upepo? Wakirudi nyumbani hawana hakika ya kufika tena. Wakakaa. Mdogo akalala kwenye mchanga amefunikwa taulo, na nilipoanza kukimbia mke wangu alikuwa kachoka kuliko mimi.

Mwaka uliofuata tulichukua apatimenti ndogo mtaa wa pili toka baharini, vyumba viwili, jiko dogo la plate mbili. Wakaniona naingia majini, wakarudi wakanywa chai, wakalala, wakapika, jioni wakatoka tena nikiwa mbioni. Mbio ile ni ya mizunguko, unapita pale pale mara kadhaa, kwa hivyo watoto walinishika mkono mara ya kwanza, mara ya pili wakanipa maji, na giza likiingia mama akawarudisha kulala dakika nane tu kwa mguu. Mimi nilimaliza saa tatu na nusu usiku.

Kwa hivyo usichague kati ya hizo mbili. Tafuta ya tatu, apatimenti yenye jiko ndani ya Summerstrand au mtaa jirani wa Humewood, hata iwe imebana. Hoteli isiyo na jiko na mkimbiaji ni shida, manake saa tisa na nusu usiku mumeo anataka uji au wali wake mweupe, na chai ya saa moja ataikuta yeye yumo baharini.

Lingine, fikeni jumatano au alhamisi msifike ijumaa. Baiskeli inapelekwa kuwekwa jumamosi, na mimi safari moja boksi langu la baiskeli lilibaki nyuma uwanja wa ndege likaja kesho yake, ningefika ijumaa ningekuwa mtazamaji.

Bi_Shela

Mama Mapacha hongera kwa uvumilivu, mke wa mtu wa mashindano haya naye anashindana.

Mimi sijaenda Afrika Kusini, nilimsindikiza wangu Rwanda, ile nusu Ironman ya Rubavu kando ya ziwa Kivu, 1.9 majini, 90 baiskeli na 21.1 mbio. Nakubaliana na kaka wa Watamu lakini nataka kuongeza upande wa wazee maana yeye hakuwa na mzee. Sisi tulikuwa na mamangu. Nikachagua nyumba kwa picha, ina bustani na inaliona ziwa lote, nikasema mama atakaa barazani atulie. Kumbe nyumba inaliona ziwa kwa sababu iko juu mlimani. Kuteremka sawa, kupanda mama alisimama mara nne akishika ukuta, na siku ya mbio yenyewe bodaboda hazikuwa zikipita huko chini, basi akabaki nyumbani. Mkwe wake anavuka mstari yeye yuko barazani anasikia makelele ya spika tu. Alilia, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, manake alisafiri toka Lamu, mashua, basi, ndege, kwa ajili ya dakika ile moja.

Kwa hivyo uliza ngazi. Sisi wa Lamu tumezaliwa kwenye ngazi hatuzioni, nyumba za mji ule ngazi zake zimesimama kama ukuta na tunapanda na ndoo kichwani, lakini mzee wa goti anaziona moja moja. Ghorofa ya nne na lifti ni sawa mpaka siku umeme umekatika, na Afrika Kusini walikuwa na mgao mkali sana wa umeme 2022 na 2023. Hata kama sasa kuna afadhali mimi ningetafuta ya chini kabisa. Na sio kwa mavyaa peke yake, mumeo baada ya kilomita 226 atakuwa anashuka ngazi kinyumenyume siku mbili. Wangu alishuka hivyo na ilikuwa nusu tu.

Kuhusu nyama usihofu. Kuku na nyama zenye alama ya halali zimejaa maduka ya Afrika Kusini, tazama alama ya SANHA kwenye pakiti. Lakini hilo ni pakiti, unanunua unapika, ndo tunarudi pale pale kwenye jiko. Mzee aliyezoea mchuzi wa nazi siku sita za chipsi na mkate atapata homa.

Mtunza_Nyumba_Casuarina

Salaam. Mimi sikimbii wala siogelei, kazi yangu ni kusimamia nyumba za wageni hapa Casuarina mwaka wa kumi na moja huu, kwa hivyo naongea nikiwa upande wa pili wa mlango.

Dada, maneno kwenye tangazo usiyaamini mpaka uyapime. Nilishaagizwa na mwenye nyumba mmoja niandike dakika tano toka baharini. Ilikuwa dakika tano kwa gari, na ukifika maji yamekupwa unatembea tena robo saa kwenye mwani. Wageni walikuja na mtoto mchanga, wakaniangalia mimi, sio mwenye nyumba. Toka siku hiyo naandika kwa hatua. Wewe fungua ramani kwenye simu, weka kidole Hobie Beach, weka kingine kwenye nyumba, chagua alama ya mtu anayetembea, halafu ule muda uzidishe mara mbili kwa ajili ya mapacha na goti. Ikizidi nusu saa achana nayo.

Halafu omba video, usiombe picha. Mwambie mwenyewe aanze getini na simu mkononi asikate, apite mlangoni, kama kuna ngazi tuzihesabu, aingie bafuni afungue bomba la moto tuone mvuke, aingie jikoni awashe jiko, afungue friji. Mwenye nyumba nzuri atakutumia siku hiyo hiyo. Anayekuzungusha wiki nzima ana jambo anaficha.

Na uliza haya maana mimi huulizwa na wageni wenye akili. Baiskeli inaruhusiwa kulala ndani? Hoteli nyingi hazitaki, na ya baba watoto haiwezi kulala nje. Maji yakikatika kuna tangi? Mji ule 2022 ulikaribia kukaukiwa kabisa mabwawa, kwa hivyo sio swali la ajabu. Vitanda vya watoto vina ukingo au wataanguka? Chumba cha mkimbiaji kina mlango wake wa kufunga au ni kitanda cha sebuleni? Nasema hivyo kwa sababu mapacha wakiamka saa nane usiku wa kuamkia jumapili, mwaka mzima wa mazoezi unaingia maji. Mlaze baba peke yake usiku ule, wewe ulale na watoto, mavyaa chumba chake. Ndo nasema vyumba vitatu ni bora, na hapo kaka wa Watamu nampinga kidogo, viwili vitawabana.

La mwisho ni pesa. Usilipe kabla hujasoma masharti ya kufuta. Mtu anaweza kuumia goti wiki tatu kabla, na wiki ya mbio wenye nyumba hawarudishi hela kwa sababu wanajua vyumba vimejaa. Bora ulipe kidogo zaidi uweze kufuta. Kama huna kadi ya benki, ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa, GlobalPay, inalipa nje bila shida, nawaona wenzangu wakiitumia. Na mtazamo wa bahari usilipie, nyumba ya mtaa wa pili ina upepo mdogo na usingizi mzuri, bahari si mnayo hapa.

Mama_Mapacha_Mld

Allah awalipe nyote, nimesoma nikiwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine. Bi Shela umeniliza na kisa cha mamako, nimemsomea mavyaa akasema mimi nisiachwe barazani jamani, nibebeni hata kwa mkokoteni.

Nimefanya kama mlivyosema, nimeachana na zote mbili. Nimepata apatimenti ya chini vyumba vitatu, ramani inasema dakika kumi na moja kwa mguu mpaka Hobie Beach, nikazidisha ikawa ishirini na mbili. Mama mwenye nyumba katuma video jana usiku, hakuna ngazi hata moja isipokuwa kizingiti cha mlango, kahesabu mwenyewe. Baiskeli inalala ndani, kanionyesha kona. Bei ni kama hoteli, jiko lipo, na kufuta inaruhusiwa mpaka siku kumi na nne kabla. Lenye kunitia wasiwasi ni moja, mashine ya kufua haimo, inatumiwa na nyumba nne.

Mpedali_wa_Watamu

Chukua, usingoje kesho. Nguo mtafua kwa mkono, mbona hapa twafua. Pasi za kusafiria hamtahitaji viza, Wakenya tunaingia bure mpaka siku tisini kwa mwaka toka 2023, lakini homa ya manjano mchanjwe siku kumi kabla mpate ile kadi ya manjano, watoto pia, na mbebe vyeti vyao vya kuzaliwa. Plagi zao ni zile za pini tatu nene za mviringo, zetu haziingii, nunueni adapta mbili. Na masweta. Kule April ni baridi inaanza na upepo haukatiki, watoto wa Malindi wakikaa ufuoni saa mbili usiku na fulana watatetemeka. Mavyaa mbebeeni kiti cha kukunja.

Bi_Shela

Na baba watoto akishamaliza mbio, baiskeli na mabegi lazima yachukuliwe usiku huo huo, yeye hataweza kuyabeba. Pangeni mapema, wewe uende kuchukua, mavyaa abaki na watoto waliolala. Hapo ndo utaona raha ya zile dakika kumi na moja.

Mama_Mapacha_Mld

Nimelipa sasa hivi. Mavyaa anauliza kiti cha kukunja kinauzwa wapi hapa Malindi.