Naomba ushauri: mashine ya kukeneka maji inazima kabla maji hayajaisha

Habari za jioni wakuu. Nipo Kigamboni, maji ya kisima chetu yana chumvi hadi chai haishuki kooni, na kuchemsha tu hakuitoi. Ndiyo maana nikanunua mashine ya kukeneka: inachemsha lita 4, mvuke unapozwa, unadondoka tone tone kwenye jagi. Chini ina kifaa cha kukata umeme maji yakiisha, isiungue. Sasa kinakata maji yakiwa bado nusu! Jana nimekuta ukoko mweupe, mgumu kama chokaa, umeganda chini ya tangi; nahisi ndio unaozuia joto lisipande kwenye maji, chini panazidi moto na kifaa kinakata kama vile maji yameisha. Niloweke siki au ndimu? Fundi alitaka aunge waya moja kwa moja, kifaa kirukwe. Nimekataa kabisa, nina watoto wadogo ndani. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.