Mgongo unakakamaa alfajiri, diklofenaki haikai: hatua gani ifuate?

Muulizaji, Wete
Assalamu alaykum. Mgonjwa ana miaka 28. Mgongo unakakamaa alfajiri zaidi ya saa nzima, akitembea unalegea. Daktari kaandika ankailosing spondilaitisi, yaani maradhi ya uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, ya siku 5 humpa nafuu, ikisha maumivu yanarudi. Sasa kaambiwa aanze sulfasalazini. Ndiyo njia? Na Ramadhani atazinywaje dawa?

Jibu 1
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Diklofenaki haijashindwa, haijajaribiwa bado. Siku 5 ni dawa ya mguu ulioteguka. Maradhi haya yanataka dozi kamili, miligramu 50 mara 3 kila siku, wiki 2 mpaka 4, ndipo mpime: kukakamaa kumepungua? Maumivu bado yanamwamsha usiku? Ikiwa hajapata nafuu, hubadilishiwa naproksen, dawa ya aina hiyohiyo, miligramu 500 mara 2 kwa siku, muda uleule. Asizinywe zote mbili pamoja: nafuu haiongezeki, tumbo na figo ndivyo vinavyoumia. Presha na figo zipimwe kabla. Aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo huongezewa omeprazoli ya kulinda tumbo, miligramu 20 kwa siku. Kwa Ramadhani naproksen ndiyo rahisi: kidonge baada ya futari, kingine baada ya daku, na maji mengi usiku.

Jibu 2
Sulfasalazini husaidia magoti na vifundo vilivyovimba. Uti wa mgongo haiusaidii. Kama viungo hivyo vizima, msihangaike nayo. Kama vimevimba, huanza na miligramu 500 kwa siku, ikaongezwa kila wiki mpaka gramu 2. Lakini apimwe G6PD kwanza, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; upungufu wake si jambo geni visiwani kwetu, na dawa hii inaweza kuvunja damu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai kavu, aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Na zile sindano za maradhi haya tunazozisikia?

Jibu 1
Hizo ni pale dawa 2 za mwanzo, diklofenaki na naproksen, zimeshindwa kwa dozi kamili. Mojawapo, adalimumabu, ni miligramu 40 chini ya ngozi kila wiki 2. Kabla yake lazima apimwe kifua kikuu, hata kile kilicholala mwilini, maana sindano hukiamsha. Na homa ya ini B pia. Bei yake ni kubwa, na inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Kwenye boti kutoka Unguja, sindano isigusane na barafu: funga kitambaa katikati. Ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Maradhi haya hugusa macho pia: jicho likiwa jekundu, linauma na haliwezi mwanga, aonwe na daktari wa macho siku ileile.