Mjadala: India ina haki ya kutochagua upande, lakini gharama anabeba nani?

Ndugu zangu, hoja yangu ni hii. India ina haki ya kukataa kufungamana na Marekani, Urusi au China, na anayeilazimisha ichague anaionea. Ila faida ya msimamo huo inaingia mifuko ya wachache, na hasara inaangukia watu wengine kabisa. Nikiwa nimekosea, nisahihisheni kwa hoja.

Nianze na wanaosema njia mbili zilimshinda fisi. Wanahoji: nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 inakaaje na Marekani, Japani na Australia ndani ya Quad, ule ushirikiano wa nchi nne, kisha ikakaa na Urusi na China ndani ya BRICS, kundi la nchi zinazoinukia kiuchumi? Wanauita unafiki. Mimi nasema fisi aliponzwa na tamaa. India iko njia panda kwa sababu nyumba yake imejengwa hapo hapo. Mpaka wake na China, kwa hesabu ya India yenyewe, ni kilomita 3,488, na nchi hizo hazijawahi kukubaliana unapita wapi hasa.

Usiku wa Juni 15, 2020, katika bonde la Galwan huko Ladakh, askari wa nchi hizo walipigana gizani, juu milimani, kwa mawe na marungu yaliyopigiliwa misumari. Bunduki hazikutumika, maana makubaliano yao yanakataza kufyatua risasi karibu na mpaka ule. Wahindi 20 walikufa. China ilikuja kukiri vifo vinne miezi kadhaa baadaye. Ukiwa na jirani wa namna hiyo, humfukuzi rafiki yeyote mlangoni, hata kama marafiki zako wenyewe hawasalimiani.

Historia nayo imewafunza. Mwaka 1961 Nehru, waziri mkuu wa India, alikuwa Belgrade pamoja na Tito wa Yugoslavia, Nasser wa Misri, Nkrumah wa Ghana na Sukarno wa Indonesia, wakizindua harakati ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Mwaka uliofuata majeshi ya China yakashuka Himalaya, na Nehru huyo huyo akamwandikia Rais Kennedy wa Marekani kuomba msaada wa ndege za kivita. Mwaka 1971 mambo yakageuka. Vita na Pakistan vilipopamba moto, Rais Nixon wa Marekani alituma meli ya kubebea ndege, Enterprise, kwenye Ghuba ya Bengal. Safari hii aliyeikinga India alikuwa Moscow, kwa kura za turufu kwenye Baraza la Usalama. Marekani iliyoombwa msaada 1962 ndiyo iliyokuja na vitisho 1971. Ukishayaona hayo, utamkabidhi nani funguo zote?

Wengine wanadai India ni mateka wa silaha za Urusi. Hilo lilikuwa na uzito zamani. Kwa takwimu za SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia biashara ya silaha, sehemu ya Urusi katika silaha ambazo India inaagiza nje ilikuwa 76% miaka ya 2009–13, na ikashuka hadi 36% miaka ya 2019–23. Wamejivua taratibu, bila kelele.

Halafu kuna faida ambayo haihesabiki kwa dola. Machi 2, 2022, ubalozi wa India nchini Ukraine uliwaambia wanafunzi wake waliokwama Kharkiv waondoke mara moja, hata kwa miguu, wafike miji ya jirani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kulikuwa na wengine mamia katika mji wa Sumy. Machi 7 Modi, waziri mkuu wa India, alizungumza kwa simu na Rais Zelensky wa Ukraine, akazungumza na Putin wa Urusi pia. Kesho yake mabasi yakawatoa wanafunzi wa Sumy. Ni viongozi wangapi wakati ule waliokuwa wakipokewa simu pande zote mbili?

Lakini sitatetea kila kitu. Julai 8, 2024, siku ambayo kombora lilipiga hospitali ya watoto ya Okhmatdyt mjini Kyiv, Modi alikuwa Moscow akikumbatiana na Putin. Kutochagua upande hakukulazimishi kukumbatia. Kwangu lile lilikuwa kosa, na safari yake ya Kyiv mwezi uliofuata haikulifuta.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo ninapoumia. Kabla ya vita vya Urusi na Ukraine, mafuta ya Urusi hayakufika hata 2% ya mafuta ghafi yaliyoagizwa na India. Kufikia 2023 yalikuwa zaidi ya theluthi moja, tena kwa bei ya punguzo. Yaliingia viwanda vikubwa kama kile cha Jamnagar, Gujarat, yakasafishwa, na dizeli nyingine ikauzwa Ulaya ile ile iliyokuwa ikilalamika. Na mwenye pikipiki Delhi? Tangu Mei 2022 alilipa rupia 96.72 kwa lita ya petroli, bei ikaganda pale pale hadi Machi 2024 ilipopunguzwa rupia 2. Nikiri kwamba mwaka 2022 kampuni za mafuta za serikali zilimeza hasara ili bei isipande. Sawa. Lakini mwaka uliofuata zilivuna faida kubwa, na kituoni bei haikusogea.

Kisha ikaja Agosti 2025. Trump aliziongezea bidhaa za India zinazoingia Marekani ushuru wa 25% kwa sababu ya mafuta hayo, jumla ikawa 50%. Waliopigwa si wenye mitambo ya kusafisha mafuta, kwani dizeli haikuguswa na ushuru huo. Walipigwa washona fulana wa Tiruppur, wakata almasi wa Surat na wafugaji wa kamba wa majini wa Andhra Pradesh. Fundi wa Tiruppur hajawahi kununua pipa hata moja kutoka Urusi, lakini oda zilizoyumba ni za kiwanda anachoshonea yeye.

Dawa ilikuwepo. Julai 2022 serikali iliweka kodi maalumu kwenye faida ya ziada ya mafuta, ikaiondoa Desemba 2024. Naomba irudi kila punguzo la mafuta linapokuwa nono, na fedha zake ziwekwe kando kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vinavyouza nje, ili siku mkubwa mmoja akikasirika wasilale njaa.

Mnaotaka India ijiunge moja kwa moja na Marekani, nijibuni hili: China ilikuwa inanunua mafuta ghafi mengi ya Urusi kuliko India, mbona yenyewe haikutwishwa ile 25% ya adhabu? Nanyi mnaoshangilia kila India inapowagomea wakubwa, niambieni yule fundi wa Tiruppur mmemwekea nini.